Dalili ya Mvua ni Mawingu Gani? Istilahi za Mawingu na Taarifa za Hali ya Hewa

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii hutumika kila siku kwa mambo ambayo hayahusiani na mvua hata kidogo: ugomvi unaonukia, ndoa inayokaribia, au fedha za ofisi zinazoanza kupungua bila maelezo. Lakini tukiichukua kama ilivyo na kumwendea mvuvi au mkulima, atatuambia kwamba methali imetupa nusu tu ya habari. Yako mawingu yanayopita mchana kutwa bila ya kudondosha hata tone moja. Yako yanayonyesha taratibu tangu alfajiri hadi jioni na kuistawisha mbegu shambani. Na yako yanayoinuka baada ya adhuhuri, na katika muda wa saa moja yakaleta radi, mvua ya mawe na upepo wa kupindua mashua. Dalili ya mvua ni mawingu, naam. Lakini ni mawingu gani?

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo ni swali la istilahi pia, wala si la wataalamu wa hewa peke yao. Mfasiri anayeiweka taarifa ya hali ya hewa katika Kiswahili, mwalimu anayefundisha jiografia, na mtumishi wa serikali anayeibandika taarifa hiyo kwenye ubao wa kijiji, wote watatu wanamtumikia msikilizaji mmoja ambaye atafanya uamuzi kwa sababu ya maneno waliyoyachagua. Rai yetu ni hii: istilahi ya wingu haitoshi kuwa jina la wingu tu, haina budi kumwelekeza msikilizaji kujua wingu hilo litafanya nini.

1. Upungufu uko wapi

Tuchukue mfano wa taarifa ambayo tumeitunga wenyewe kwa kufuata desturi ya taarifa nyingi: «Hali ya mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache, na vipindi vya jua.» Sentensi hii ni Kiswahili safi. Haina kosa la sarufi, na kila neno lake linafahamika. Lakini hebu tumfikirie mvuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria, ambaye hufanya kazi yake usiku kwa taa. Akisikia «mawingu kiasi» atadhani kwamba hatari ni kiasi. Akisikia «maeneo machache» atadhani kwamba mvua ni chache. Kumbe maneno hayo yanaeleza ukubwa wa sehemu ya anga iliyofunikwa na ukubwa wa eneo litakalonyeshewa. Hayasemi lolote juu ya nguvu ya mvua yenyewe. Katika hayo maeneo machache huenda likasimama wingu moja tu, na wingu hilo moja likawa ndilo la radi.

Upungufu wa pili uko madarasani. Mmoja wetu aliwahi kufundisha wanafunzi ambao waliweza kuyataja majina kumi ya kigeni ya mawingu kwa mfululizo, kama mtu anayehesabu kwa moyo. Walipotolewa nje na kuulizwa lile lililo juu ya paa la darasa ni lipi, hapana aliyejibu. Majina yalikuwa yamekaa kichwani bila ya kukutana na macho. Hatuwalaumu wanafunzi. Neno ambalo halina mzizi katika lugha ya mtu humchukua muda mrefu kulioanisha na kitu anachokiona.

2. Majina ya kimataifa yalivyopatikana

Yafaa tukumbuke kwamba hata huko Ulaya mawingu hayakuwa na majina ya kitaalamu hadi mwanzo wa karne ya 19. Mwaka 1802 mwanasayansi wa Kifaransa, Jean-Baptiste Lamarck, alipendekeza majina kwa lugha yake ya Kifaransa. Mwishoni mwa mwaka huo huo Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London, alitoa mhadhara ambao ndani yake aliyagawa mawingu kwa maneno ya Kilatini. Majina ya Lamarck hayakushika. Ya Howard yakaenea. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba Kilatini kilikuwa lugha ya wasomi wa nchi nyingi, hivyo kila mmoja aliweza kukipokea bila ya kuona kwamba anapokea lugha ya jirani yake. Mwaka 1896 ilitolewa Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu, na leo kazi ya kuihifadhi na kuirekebisha iko mikononi mwa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Atlasi hiyo inatambua jamii kumi za mawingu.

Ni muhimu kutazama jinsi Howard alivyofanya. Hakubuni sauti zisizo na maana. Alichukua maneno ya kawaida: *cirrus*, yaani kishungi cha nywele, *cumulus*, yaani rundo, *stratus*, yaani kitu kilichotandazwa, na *nimbus*, yaani wingu la mvua. Kwa Mlatini wa kale maneno hayo yalikuwa picha. Kwetu sisi yamekuwa sauti tu. Tukiyaandika sirusi, kumulusi, stratusi na nimbusi, tunakuwa tumeyapa irabu za Kiswahili, lakini picha tumeiacha njiani.

Hatusemi kwamba majina hayo yatupwe. Kituo cha Mwanza na kituo cha Mombasa hupeleka habari zake kwa vituo vya dunia nzima, na huko hapana budi kutumika lugha moja ya kitaalamu. Lakini taarifa inayosomwa redioni haiendi huko. Inakwenda Ukerewe, Kilwa na Lamu. Kwa hiyo tunapendekeza ngazi mbili: jina la kimataifa, katika umbo la Kiswahili, kwa vitabu vya taaluma, na jina la picha, lenye mzizi wa Kiswahili, kwa taarifa na kwa darasa la kwanza la somo hilo.

3. Wingu hufanyikaje

Kabla ya kupendekeza majina, inapasa tueleze kwa ufupi jinsi wingu linavyofanyika, kwa kuwa umbo lake hutokana na mwendo wa hewa.

Hewa iliyobeba mvuke ikipanda hupoa. Hewa ambayo haijafikia kiwango cha kushiba mvuke hupungua joto kwa kadiri ya digrii 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 inazopanda. Ikipoa vya kutosha, haiwezi tena kuuchukua mvuke wote. Sehemu ya mvuke hugeuka kuwa matone madogo mno, kila moja likishikilia chembe ya vumbi, moshi au chumvi ya bahari. Mkusanyiko wa matone hayo ndio wingu. Tone la kawaida la wingu halizidi sana sehemu mbili za mia za milimita kwa upana. Ili kupata tone moja la mvua lenye upana wa milimita 2, huhitajiwa matone ya wingu yapatayo milioni moja. Ndiyo sababu mawingu mengi hayanyeshi: matone yake hayajapata nafasi wala muda wa kuungana.

Sasa, hewa hupanda kwa namna mbili kuu. Inaweza kupanda polepole katika eneo pana, kama vile shuka inayoinuliwa kwa pembe zake zote. Hapo wingu hutanda. Au inaweza kupanda kwa kasi mahali padogo, kama moshi wa tanuri, kwa sababu ardhi imepashwa joto na jua. Hapo wingu hurundikana na kurefuka kwenda juu. Kupanda polepole huleta mvua ya utulivu. Kupanda kwa kasi huleta mvua ya ghafla. Msomaji akiishika tofauti hii moja, amekwisha kupata nusu ya elimu ya mawingu.

4. Maneno matatu ya msingi

Kutokana na hayo, tunapendekeza maneno matatu yawe msingi wa majina yote.

La kwanza ni *utando*, kwa wingu lililotandazwa. Neno hili liko hai. Twasema utando wa buibui, utando wa maziwa, na pia twasema mawingu yametanda. Hakuna haja ya kulieleza.

La pili ni *lundo*, kwa wingu lililorundikana. Tulilifikiria pia neno chungu, kama katika chungu ya mchanga, lakini tukaliacha kwa kuwa msomaji anaweza kulichanganya na chombo cha kupikia au na ladha ya shubiri. Lundo lina faida nyingine: laweza kupunguzwa likawa kilundo, na jambo hilo litatufaa hapa chini.

La tatu ni *singa*, kwa mawingu membamba ya juu sana yaliyo kama nyuzi. Nywele za singa ni nywele laini zilizonyooka, na usinga wa mganga au wa mzee wa baraza unajulikana na wengi. Mawingu haya yamefanywa kwa chembe za barafu, hata hapa kwetu karibu na Ikweta, kwa sababu katika kimo chake hewa ni baridi kuliko barafu yenyewe inavyohitaji ili isiyeyuke.

Yako maneno mengine ya asili ambayo tusingependa yapotee. *Mavundevunde* kwa wengi ni mawingu yaliyotapakaa vipande vipande, ingawa wengine hulitumia neno hilo kwa anga iliyoziba kabisa. Kwa sababu ya kugongana huko, linafaa katika fasihi kuliko katika taarifa. *Ghubari* limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya vumbi, na katika Kiswahili limepata pia maana ya wingu la mvua. Tulitamani sana kulipa kazi ya kulitaja wingu la radi, lakini maana ya vumbi ingali inalifuata. Mtu wa Singida akisikia kwamba ghubari linakuja, huenda akafunga madirisha badala ya kutoka chini ya mti. *Ukungu* nao ubaki na maana yake, yaani wingu lililogusa ardhi.

5. Mtego wa neno lenye maana ya «juu»

Katika majina ya kimataifa kuna mtego ambao umewanasa wafasiri wengi. Mawingu ya tabaka la kati hutajwa kwa kiambishi *alto*, kilichotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilicho juu. Mfasiri akifuata neno kwa neno ataandika «wingu la juu», na hapo atakuwa amelipandisha ngazi wingu ambalo liko katikati. Hapa tunajifunza kwamba katika istilahi hatufasiri neno, bali dhana. Lililo muhimu si kile ambacho Mlatini alisema, ila mahali ambapo wingu lipo.

Katika nchi za joto, mawingu ya chini huwa na kitako kisichozidi mita 2,000. Ya kati huwa kati ya mita 2,000 na 8,000. Na ya juu huwa kati ya mita 6,000 na 18,000. Tabaka hizi hupandana kidogo, wala si vibaya. Kwa kutumia maneno yetu matatu pamoja na maneno *chini*, *kati* na *juu*, jamii zote kumi zaweza kupata majina:

Sirusi: singa.
Sirokumulusi: vilundo vya juu.
Sirostratusi: utando wa juu.
Altokumulusi: vilundo vya kati.
Altostratusi: utando wa kati.
Nimbostratusi: utando wa mvua.
Stratokumulusi: malundo ya kutanda.
Stratusi: utando wa chini.
Kumulusi: lundo.
Kumulonimbusi: wingu la radi.

Msomaji ataona kwamba majina mawili tu, utando wa mvua na wingu la radi, yametaja kazi ya wingu badala ya umbo na kimo chake. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Hayo ndiyo mawingu mawili ambayo mtu hana budi kuyatofautisha kuliko yote. Utando wa mvua ni wa kijivu, umeziba jua kabisa, na hunyesha kwa muda mrefu bila ya ghasia. Wingu la radi ni lundo lililokua kupita kiasi. Kitako chake huwa cheusi na karibu na ardhi, na kilele chake, hapa kwetu, chaweza kupita mita 15,000, kikapanuka na kubapa kama fuawe la mhunzi.

Mwalimu aweza kuyafundisha majina haya bila ya chombo chochote. Utando wa juu hutambulikana kwa duara la nuru ambalo mara nyingi hulizunguka jua au mwezi. Utando wa kati haufanyi duara, bali huufanya uso wa jua uonekane kama unatazamwa kupitia kioo kisicho angavu. Kwa mawingu ya vipande, mwanafunzi anyooshe mkono wake wote kuelekea mawingu yaliyo juu kiasi, si yale ya upeo wa macho. Kipande kikifunikwa na kidole kidogo, hivyo ni vilundo vya juu. Kikizidi hapo lakini kisizidi upana wa vidole vitatu, hivyo ni vilundo vya kati. Kikizidi vidole vitatu, hayo ni malundo ya kutanda. Na kwa lundo, atazame kimo. Lundo ambalo upana wake unazidi urefu wake ni la hali njema. Lundo linalorefuka kuliko lilivyo pana, na kichwa chake kikawa kama koliflawa, ni la kuangaliwa kila baada ya dakika chache.

6. Maneno manne ya taarifa yasiyopaswa kuchanganywa

Tukirudi kwenye taarifa, tunaona mambo manne ambayo mara nyingi huvikwa nguo moja: kiasi, mtawanyiko, nguvu na uwezekano.

*Kiasi* ni sehemu ya anga iliyofunikwa. Wataalamu huigawa anga katika sehemu nane. Hapa Kiswahili kina neno ambalo limekaa likingoja kazi, nalo ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Wazee waliokuwa wakiiita senti hamsini kwa jina hilo hawatashangaa kulikuta angani. Taarifa ya kituo ikisema «thumuni sita», maana yake robo tatu ya anga imefunikwa.

*Mtawanyiko* ni ukubwa wa eneo litakalonyeshewa: maeneo machache, baadhi ya maeneo, maeneo mengi. *Nguvu* ni wingi wa maji katika muda fulani: manyunyu, rasharasha, mvua ya wastani, mvua kubwa. Katika maonyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 katika saa 24. Tarakimu hiyo huonekana ndogo kwa msikilizaji, kwa hiyo yafaa ielezwe. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Basi milimita 50 katika shamba la ekari moja ni zaidi ya lita 200,000.

*Uwezekano* ni kadiri ya matumaini kwamba jambo litatokea. Hapa tunakutana na neno *utabiri* lenyewe. Limekwisha kukubaliwa, nasi hatupendekezi liondolewe. Lakini mfasiri akumbuke kwamba mzizi wake ulikuwa katika kufasiri ndoto na kubashiri yajayo, na kwamba msikilizaji hupima mtabiri kwa kusema kwamba amepatia au amekosa. Mtaalamu wa hewa hapigi ramli. Anapima, anakokotoa, kisha anasema kwamba jambo laelekea kutokea. Kwa hiyo maneno «kuna uwezekano mkubwa», «kuna uwezekano mdogo» na «inatarajiwa» yasidondoshwe kwa ajili ya kufupisha habari. Akiyadondosha, mfasiri amemfanya mtaalamu aahidi asichoahidi.

Tungependa basi taarifa yetu ya mwanzo isomeke hivi: «Anga itakuwa na mawingu kiasi. Mawingu ya radi yanatarajiwa katika maeneo machache. Penye mawingu hayo kuna uwezekano wa mvua kubwa na upepo wa ghafla. Maeneo mengine yatapata jua.» Imeongezeka maneno machache tu. Lakini mvuvi sasa anajua kwamba uchache ni wa mahali, wala si wa hatari.

Hapa yafaa tutofautishe pia *kimbunga* na dhoruba ya wingu la radi. Kimbunga ni mzunguko mkubwa wa pepo unaozaliwa juu ya bahari yenye joto, na upana wake huwa mamia ya kilomita. Pwani yetu huvipata kwa nadra: kimoja kiliipiga Lindi mwezi Aprili 1952, na kingine, kilichoitwa Hidaya, kilifika karibu na Mafia mwezi Mei 2024. Kimbunga hupewa jina na hutangazwa siku kadhaa kabla. Wingu la radi halipewi jina, huzaliwa mchana na kufa jioni, na huenda lisizidi kilomita chache kwa upana. Likiitwa kimbunga katika habari za magazeti, basi siku kimbunga chenyewe kitakapokuja neno litakuwa limekwisha kuchakaa.

7. Tahadhari juu ya saa

Kuna kosa moja ambalo si la mawingu, lakini laweza kuharibu kazi yote. Taarifa za kitaalamu hutumia saa 24 zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Kiswahili huhesabu saa kuanzia machweo na mapambazuko. Sisi wenyewe tuliwahi, katika rasimu ya zoezi la tafsiri, kuigeuza saa 21 kuwa «saa 9 usiku». Tulitoa kumi na mbili tukabaki na tisa, tukaridhika. Mwenzetu mmoja ndiye aliyetushtua kwamba saa hiyo ni saa 3 usiku. Tulikuwa tumeichelewesha dhoruba kwa saa sita. Mtu ambaye angeondoka ufukweni saa 4, akiamini kwamba ana muda wa saa tano mbele yake, angekuwa ameingia katikati yake.

Katika Ziwa Viktoria jambo hili lina uzito wa pekee. Mchana, nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Mawingu ya radi hukua juu ya nchi kavu alasiri. Usiku mambo hugeuka. Pepo za nchi kavu huvuma kutoka pande zote na kukutana juu ya maji, hewa ikapanda hapo, na radi hupiga ziwani kati ya usiku mkuu na alfajiri. Mtu wa nchi kavu akisema «usiku» huenda asidhuru neno. Kwa mvuvi, usiku una sehemu zake, na kila sehemu yahitaji kutajwa kwa saa yake.

Kuhusu vipindi virefu, taarifa za kilimo hupangwa kwa siku kumi kumi. Baadhi ya wafasiri wamelitohoa neno la kigeni wakaandika dekadi. Lakini wakulima na wavuvi wa pwani, wanaohesabu mwaka wa siku 365 kuanzia Nairuzi, huugawa mwaka huo kwa siku kumi kumi vilevile, na kila kumi moja huiita *mwongo*. Kwa kuwa siku hizi neno hilo hutumika pia kwa kipindi cha miaka kumi, tunapendekeza kusema «mwongo wa siku» katika taarifa za kilimo. Ni nadra kwa mtunzi wa istilahi kukuta dhana ya kitaalamu ikiwa imekwisha kukaa katika lugha kabla yake.

8. Hitimisho

Yamebaki mambo ambayo hatukuyagusa. Moja ni tofauti kati ya Tanzania, ambako husemwa «hali ya hewa», na Kenya, ambako vyombo vya habari vimezoea kusema «hali ya anga». Jingine ni ngazi za maonyo, ambazo kwa Tanzania ni angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na ambazo zastahili makala ya peke yake, kwa maana msikilizaji wa kawaida hazitofautishi kwa urahisi mbili za kwanza.

Majina tuliyoyapendekeza hapa si amri. Ni mapendekezo yanayongoja kupimwa na wale watakaoyatumia. Tungefurahi iwapo walimu watayajaribu madarasani, na zaidi uwanjani, kisha watuandikie ni yapi yaliyoshika na ni yapi yaliyoleta kicheko. Kicheko nacho ni kipimo kizuri cha istilahi. Tungefurahi zaidi iwapo msomaji mmoja aliye karibu na mwalo wa wavuvi atawauliza wazee wa hapo lile wingu lenye kichwa cha fuawe wanaliitaje. Wakiwa nalo jina la asili lililo fupi na lisilo na utata, basi letu na liondoke, la kwao liingie katika orodha.